Binti yangu na kipimo cha satellite kilichosemekana kimekufa

Chamgei wakuu,

Mimi huwa msomaji tu hapa, lakini leo mtanivumilia. Nimekuja kujisifu, na haki ya Mungu sijaongeza chumvi.

Niko karibu na Chepilat, mkulima wa majani chai. Kifungua mimba wangu, Chebet, anafanya Masters ya physics. Anasoma data ya satellite inayopima chembe zenye nguvu nyingi, zile zimenaswa na sumaku ya dunia huko juu. Zinaweza kuharibu satellite, ndio maana lazima zipimwe. Mimi pia nilielezwa mara kadhaa, msijali.

Siku moja akarudi nyumbani amekonda. Satellite ikifika sehemu fulani, kipimo kinasoma zero. Supervisor akasema hiyo mashine imekufa, tafuta topic ingine.

"Baba, mi naacha tu."

Niliumia, wacha tu.

Asubuhi yake akasindikiza mama yake buying centre, pale tunapimiwa majani chai kabla lori ya kiwanda iyabebe. Mvua inakuja, hiyo lori inataka kutoka, na mama watoto hana subira. Akatundika magunia yote kwa mizani mara moja. Kioo kikawa tupu, hakuna namba. Watu wakaanza kelele ati mizani imekufa.

Karani akasema, "Haijakufa mama, imezidiwa. Toa gunia moja."

Chebet akapiga nduru! Watu wakadhani ameumwa na siafu.

Kumbe kile kipimo, kikihesabu chembe moja, kinahitaji kupumua kidogo ndio kihesabu ingine. Zikija kama mvua ya mawe, hakipati nafasi. Kinasoma zero, na hapo ndipo zimejaa kabisa.

Akakimbilia laptop. Satellite hiyo iko na kipimo kingine, kizito kushtuka, chembe chache hata hakizioni, kwa hivyo hakizidiwi haraka. Hapo penye zero, namba za hicho zilikuwa zimepanda vibaya sana. Supervisor aliangalia akakubali.

Juzi ametetea thesis, sisi tukiangalia kwa simu. Wakamuuliza idea alitoa wapi. Akasema, "Kwa mama yangu. Anachuna chai."

Mama watoto alilia. Mimi nikatoka nje kuangalia ng'ombe, na hawakuwa na shida yoyote.

Somo langu: mtoto akirudi amevunjika moyo, usimhubirie. Mpe chakula, mpe kazi, mkae naye.

Wenye watoto wanasoma vitu hamuelewi, semeni hapa. Wa kuuliza "itamlipa?" kama shemeji yangu, pita kando leo.

Mama watoto sasa akiulizwa binti anafanya kazi gani, anajibu bila aibu: "Tunapima vitu za huko juu."

Tunapima!