Mapigo Sitini na Moja

Fundi saa wa kona ile, ambaye mtaa mzima ulimwita Dakika, hakuweza kukaa karibu na kitu kinachopiga asikihesabu. Kwa hiyo daktari alipowaambia yeye na mkewe, baada ya miaka sita ya ndoa bila mtoto, kwamba vipimo havionyeshi kasoro, ila watembee kila siku, wale vizuri, walale mapema na sigara ziende zao, Dakika aliuliza swali moja tu: "Sasa dokta, tutajuaje kama tunasonga mbele?" Daktari akacheka. Dakika hakuona cha kuchekesha.

Akabuni kipimo chake. Kila alfajiri, kabla ya matembezi, mkewe alikaa kwenye stuli ya mlangoni, naye akamshika kifundo cha mkono, akakodolea macho mshale wa sekunde na kuhesabu dakika nzima. Kisha akaandika kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Siku ya kwanza: themanini na nne.

"Fundi, mimi si saa ya mteja," mkewe alimwambia. "Usije ukanifungua mfuniko." Alikuwa karani wa posta, kutwa anagonga mihuri, na ulimi wake haukuwa na breki.

Walitembea, mvua na jua. Soda zikahama nyumbani. Sigara zilimtoa Dakika jasho miezi minne. Alishinda akitafuna karoti huku lenzi iko jichoni, mpaka wateja wakamwita Sungura. Dada yake kila akija alitupia jicho tumbo la wifi yake kabla hata ya kusalimia, kisha akasema, "Naona mmenawiri. Ndiyo kunawiri tu, basi?"

Mwaka na nusu ukapita. Walijaribu matibabu ya uzazi mara tatu, mara tatu wakarudi mikono mitupu. Na pale kwenye mlango wa kabati, namba zilikuwa zikishuka. Sabini na tisa. Sabini na mbili. Sitini na tano. Hapo moyo wa Dakika ukaanza kumwenda mbio. Maisha yake yote, saa inayopunguza mwendo ilikuwa na maana moja: vyuma vimelika, inakaribia kusimama. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuandika, kwa maandishi madogo zaidi.

Jumapili moja, baada ya lile jaribio la tatu, mkewe alivua raba zake akazisukuma chini ya kitanda. "Kesho sitembei. Mwili huu nimeubembeleza kama mgeni wa heshima. Umenipa nini?"

"Basi tuache," alisema Dakika, harakaharaka.

Mkewe akamtazama. Alikuwa ametarajia angalau abishiwe kidogo. "Kumbe hata wewe umeshanikatia tamaa."

Dakika angemwambiaje kwamba anahofu matembezi yanammaliza? Asubuhi alimshika mkono akiwa bado amelala: sitini na moja. Hakufungua kibanda chake siku hiyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alinakili namba zote kwenye karatasi, akaenda zahanati kwa nesi mtu mzima aliyekuwa amewazoea.

"Mama, moyo wa mke wangu unachelewa," alisema, akimkabidhi karatasi.

"Unachelewa wapi, mwanangu?" Nesi alisoma karatasi mara mbili. "Anaanguka? Anahema ovyo?"

"Hapana. Anapanda kile kilima cha shule huku anaongea."

"Basi hajachoka huyo. Moyo wake umepata nguvu. Kazi uliyokuwa ukiifanya kwa mapigo themanini na nne, sasa unaimaliza kwa sitini na moja."

"Nani ameutengeneza?"

"Umejitengeneza wenyewe. Kwa kutembea."

Dakika alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Miaka ishirini na tatu amefungua saa za kila aina, na hajaona hata moja iliyojitengeneza yenyewe, wala iliyozidi kuwa imara kadiri inavyotumika. Saa ikitumika inalika. Na jambo hili lilikuwa likifanyika chini ya kidole chake kila alfajiri, bila bisibisi, bila tone la mafuta, naye akaliandika kama ugonjwa! Alimstaajabia mkewe, akamstaajabia Muumba, akaustaajabia hata mkono wake mwenyewe ulioshika ile karatasi.

Jioni mkewe aliporudi kutoka kazini, Dakika alimfungulia kabati akamweleza yote, na woga wake hakuuficha.

"Kwa hiyo uliniacha nidhani umenichoka, kumbe wewe ulidhani nakufa?"

"Ndiyo."

"Mjinga wewe." Lakini kidole chake kilikuwa kinashuka taratibu kwenye zile namba, kutoka juu mpaka chini. "Kila mwezi nauuliza mwili huu swali moja," alisema. "Ukinijibu hapana, nauchukia. Sikujua kwamba kuna jingine ulikuwa unanijibu."

Akajishika kifundo cha mkono, akafumba macho, akahesabu kwa sauti. Alipofika arobaini alianza kulia, lakini hakuacha kuhesabu. Mtoto hakuwepo, na huenda asingekuwepo kamwe. Wote wawili walilijua hilo pale jikoni.

Alfajiri Dakika aliamshwa na raba zikivutwa kutoka chini ya kitanda. Mkewe alikuwa amekwisha kuvaa, saa ya mumewe mkononi, na stuli ameisogeza mlangoni.

"Kaa wewe leo. Lete mkono."

Hakuna aliyewahi kumpima yeye. Akakaa dakika nzima, kidole cha mkewe kikiwa kwenye mshipa wake.

"Sabini na nane," mkewe akatangaza, akachukua penseli. "Umebaki nyuma, Fundi. Vaa viatu."