Waya Mwembamba

Fundi umeme wa magari hakujua kuvutana bei. Siku muuza magodoro alipompelekea gari afungiwe spika za kunadia mali, fundi aliziunganisha kwa majaribio, akawasha muziki, akabana waya wa betri kwa vidole viwili, akafumba macho kama anayepima homa ya mtoto.

“Waya huu unachemka, kaka. Amplifaya hii inataka waya mnene, na fyuzi karibu na betri.”

“Usinitishe bwana ili nilipe zaidi, funga huo huo mwembamba.”

Akashusha pumzi, akafunga. Muuza magodoro aliondoka akichekelea kwamba amemweza. Siku moja gari liliposhika moto likipita mbele ya gereji, fundi ndiye aliyeung'oa waya ule, kwa mkono mtupu. Muuza magodoro aliambulia nusu ya gari. Fundi siku hizi hupima joto kwa mkono wa kushoto.