Chumvi ya Nalongo Kwenye Ramani ya Mchezo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti cha kuzunguka, kompyuta yenye skrini mbili, na ramani ya pande zote za Ziwa Albert. Nikalitafuta jimbo ambako bibi yangu alikuwa akienda kununua chumvi. Lilikuwa na alama ya mnyororo. Nikamwuliza Mkuu wa Ramani, msichana wa Kampala aliyekuwa na umri wa mwanangu wa mwisho, "Binti, mnyororo huu maana yake nini?"

Akajibu bila kuinua macho, "Hiyo ndiyo rasilimali ya hapo, Mwalimu. Watumwa."

Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo, na nimekwisha kustaafu.

Ngoja niwaeleze, maana vijana wengi mnaicheza michezo hii lakini hamjui inavyopikwa. Ofisi yetu ilikuwa Nakivubo, ghorofa ya nne, juu ya maduka ya mabegi na viatu. Tulitengeneza mchezo wa mikakati wa kompyuta: mchezaji anachukua ufalme, anauendesha kwa karne mbili tatu, anapigana, anaozesha mabinti, anafanya biashara. Dunia imegawanywa vipande vinavyoitwa majimbo, na kila jimbo lazima lipewe rasilimali moja: chuma, pamba, dhahabu, ngano. Ukiiweka rasilimali mahali pasipo pake, historia nzima inakwenda kombo. Kampuni ilikuwa imejitangaza kwamba mchezo wake utakuwa wa kweli kuliko yote, ndiyo maana wakatafuta mtu wa kupanga rasilimali. Mimi nilifundisha jiografia Bunia miaka mingi, hadi vita viliponileta Kampala. Nilikuwa na miaka sitini, nimepanga chumba Kibuli, nafundisha Kifaransa majumbani. Nikaikubali kazi kwa mikono miwili.

Nikafuatilia ule mnyororo ulitoka wapi. Kumbe kulikuwa na kanuni! Jimbo ambalo msafiri fulani wa zamani aliliandika lilipewa kile alichokitaja. Jimbo lisilo na maandishi lilijazwa na programu yenyewe, na kwa sehemu kubwa ya bara letu programu ilijua majibu mawili tu: pembe za ndovu au watumwa. Yaani kama hakupita mgeni mwenye daftari, basi ninyi hamkuwa na kitu chochote duniani isipokuwa miili yenu! Nilisimama nikayasema hayo kwa sauti, ofisi nzima ikageuka.

Msimamizi wa Uwiano akaja na kikombe chake cha chai. Huyu alikuwa Mkenya, mtu wa Nairobi, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna ufalme unaozizidi falme nyingine mno. Huo ndio uwiano. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kushinda.

"Mzee, hiyo ni historia," akasema. "Watu walichukuliwa ama hawakuchukuliwa? Si wewe ndiye unataka ukweli?"

"Walichukuliwa," nikamjibu. "Lakini mtu haoti ardhini kama muhogo! Mnyororo wenu uwekeni kwa mnunuzi, kule alikopelekwa kuuzwa. Huku alikoibwa kulikuwa na watu wenye majembe yao, vyungu vyao na masoko yao."

"Sawa. Basi niletee cha kuweka pale. Na ulete chanzo."

Chanzo ni ushahidi: kitabu, hati, ramani ya zamani. Mimi nilikwenda Kalerwe sokoni, kwa sababu kutegemea vitabu ndiko kulikotuletea mnyororo. Pale kulikuwa na mama mmoja akiuza chumvi ya kienyeji, ile ya kijivu. Watu walimwita Nalongo, kwa kuwa alizaa mapacha. Nikamweleza kwamba mimi ni mwalimu, napanga ramani ya mchezo wa kompyuta, nikamwuliza chumvi inatoka wapi, akanitajia kijiji kile kile cha kando ya ziwa ambako bibi yangu alivuka na mtumbwi, akabadilishana maharage kwa chumvi. Nusura nimkumbatie.

Nalongo akanieleza kazi yenyewe huku akiwahudumia wateja. Kule wanawake wana viwanja vya chumvi, na kiwanja mtu hukirithi kwa mama yake. Asubuhi unatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye maji ya chumvi. Jua linayavuta maji yale juu, chumvi inabaki kwenye udongo. Unaukwangua, unautia kwenye chungu chenye matundu, unamimina maji, na yale yanayochuruzika unayachemsha hadi yakauke. Udongo unarudishwa kiwanjani.

"Na udongo ukiisha?" nikauliza.

"Inaisha namna gani, ssebo? Hii udongo ni ile ile ya jajja wa jajja yangu, bibi ya bibi."

"Na mfalme akija na jeshi lake, akawafukuza wanawake wote?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi atakula udongo!"

Baadaye akaacha kucheka. Dada yake, aliyebaki kijijini akikitunza kiwanja cha mama yao, alikuwa mgonjwa. Kiwanja kingetakiwa kwenda kwa mapacha, Babirye na Nakato, lakini mabinti hao walikulia mjini na waliona kukwangua udongo ni aibu. Wasipokwenda, kiwanja kingekufa. "Mwalimu," akaniambia, "hawa watoto, mambo ya kompyuta wanaheshimu. Ukiandika humo kwamba hii ni mali yetu, ya wanawake, labda watanisikia. Utaandika?"

"Nitaandika," nikasema. "Nakupa neno langu."

Nikaandika kurasa kumi na mbili, na Nalongo ndiye chanzo. Nilidai mambo mawili. Kwanza, chumvi hii isipungue kamwe. Pili, mchezaji akiliteka jimbo na kuwafukuza wenyeji, chumvi ikome siku hiyo hiyo. Nikaitwa kikaoni.

Msimamizi wa Uwiano alikuwa amezisoma zote, namshukuru kwa hilo. "Mzee, stori ni tamu," akasema. "Lakini kwa huu mchezo kila mgodi huisha. Chumvi isiyoisha itaharibu uwiano, wachezaji wote watakimbilia hapo. Nakupa chumvi ya miaka hamsini. Alama ni ile ya migodi yote, mwanaume na sururu. Weka sahihi tuendelee."

"Sururu!" Nilipiga meza. "Nani ameshika sururu pale? Mwanamume gani? Mnanitaka niseme uongo kwa sababu uongo una uwiano?"

"Ni miaka hamsini, mzee. Majimbo mengine hayana hata moja."

Nikakusanya karatasi zangu. Mkuu wa Ramani alinifuata kwenye ngazi. "Bambi, tafadhali, Mwalimu, chukua. Sisi tutarekebisha polepole."

"Ukweli nusu sitaki," nikamwambia. Na jinsi nilivyojisikia mwanamume nikiteremka zile ngazi!

Nilidhani watanibembeleza. Wapi! Walinihamishia Dawati la Maandishi, kusahihisha majina ya milima na mito, na hapo nikakaa miezi minane hadi mkataba wangu ulipokwisha. Wakanikatia keki. Msimamizi wa Uwiano alinipa mkono akaniita mwalimu wa walimu. Sikulifungua lile jimbo hata mara moja. Kiburi kilinikataza, na moyoni niliamini ile chumvi yao ya miaka hamsini wameiweka, kwani nani asingeona aibu kuuacha mnyororo pale?

Mchezo ulipotoka, Nalongo aliwaita mabinti zake sokoni siku ya Jumamosi. Nikaweka kompyuta juu ya gunia, majirani wakasogea. Nikaliendea ziwa, nikabonyeza jimbo. Mnyororo.

Nilimpigia simu Mkuu wa Ramani palepale. Akanieleza kwa upole: jimbo lisilo na sahihi ya mpanga rasilimali, yaani yangu, programu hulijaza yenyewe. "Nilikuambia uchukue, Mwalimu."

"Hii nini?" Nalongo akauliza, kidole juu ya skrini.

Nikamwambia ni nini. Babirye akavuta pumzi kwa nguvu.

"Kwa hiyo chumvi walikataa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningetukana kampuni, na wote pale wangenihurumia. "Walinipa ya miaka hamsini," nikasema. "Nilikataa mimi."

"Miaka hamsini." Aliitamka kwa Kiswahili, akairudia kwa lugha ya kwao. "Mwalimu, mimi naomba hawa watoto wafanye hata mwaka moja. Moja tu! Wewe ulipewa hamsini, ukakataa?"

"Twende, maama," Nakato akasema, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. Ukali ungenisaidia.

Mnaotaka kuifanya kazi hii, mtaniuliza kampuni ile nimeisamehe? Sijaisamehe! Mtu anayeandika mtumwa mahali penye chumvi, kisha akaita hiyo historia, anastahili kukemewa hadharani, na ningali nikiwakemea. Nendeni masokoni. Waulizeni wanaobeba vitu, si waliopita wakivitazama tu. Lakini mkipewa kitu kidogo cha kweli, tieni sahihi, kisha ndipo mpige meza.

Mimi naiandikia kampuni kila mwezi. Barua ya kwanza ilikuwa na matusi. Sasa naandika mistari miwili: naikubali miaka hamsini, naikubali na sururu, tafadhali wekeni. Hawajajibu. Dada yake Nalongo amekwisha kuzikwa, nimesikia, na kiwanja kimeota majani. Kalerwe sipiti. Chumvi nanunua ya paketi.