Vitambaa Vyeupe vya Hamugembe

Asubuhi ile nilifua vitambaa vya meza. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, lakini siku hiyo jua lilitoka mapema, nikavianika juu ya ua wa michongoma nyuma ya mgahawa, kisha nikaingia jikoni kumenya ndizi. Hicho ndicho kilikuwa kibarua changu pale Hamugembe, mtaa wa mjini Bukoba: kumenya, kupika, kufua, na kusikiliza.

Kusikiliza, kwa sababu mwenye mgahawa, Bwana Twaha, alikuwa msimuliaji. Alizaliwa Bukoba mjini, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani. Ujanani aliondoka, akapata kazi ya upishi melini, meli ikamwacha Genoa, naye akaishia kwenye majiko ya hoteli za pwani ile ya Mediterania ambako matajiri wa Ulaya huenda kuota jua. Aliporudi, nchi ilikuwa imeshaingia katika ujamaa. Watu walikuja kunywa kahawa yake kali katika vikombe vidogo sana, naye akawaelekeza njia kana kwamba wanasafiri kesho.

"Ukitoka Genoa kwenda Nice, kaa upande wa kushoto wa treni. Ukikaa kulia utatazama mawe tu. San Remo nenda sokoni alfajiri, maua yanaposhushwa. Na Monte Carlo usikae mezani! Kahawa inywe umesimama, kama wenyeji. Wakikuona umekaa, wanajua u mgeni, wanakuchuna."

Wateja walicheka sana. Hakucheka balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Felisiani.

"Ndugu Twaha," alimwambia siku moja, "mahali pazuri namna hiyo, mtu anapaachaje akaja kupanga foleni ya sukari na sisi?"

"Huku ni kwetu, Mzee."

Felisiani alikigeuza kikombe chake mkononi, akaniangalia mimi, kana kwamba jibu la kweli ninalo mimi. Tangu siku ile na mimi nilianza kujiuliza.

Vita vilipoanza, kujiuliza kukawa kazi ya kila mtu. Redio ilisema jeshi la Uganda limevuka mpaka. Kisha tukasikia daraja la Kyaka limevunjwa. Watu wa ng'ambo ya Mto Kagera wakaanza kupita mjini na magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba, watoto mgongoni. Tuliwapa maji, na papo hapo tuliwasikiliza wanavyotamka maneno, maana lafudhi yao na ya watu wa upande wa pili zinakaribiana. Muuza nyanya tuliyemzoea miaka yote aliulizwa kwao ni wapi. Kaka yangu Deo alikuwa ameshachukuliwa pamoja na mgambo wengine kwenda mstari wa mbele, na mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, hakumwamini hata padri mpya.

Twaha hakufunga mgahawa. Alisema mtu anayekimbia anahitaji chai, akaigawa bure. Hilo nalo lilisemwa vibaya. Nani anagawa chai bure wakati wa vita?

Siku ile ya vitambaa, ndege ya Uganda ilikuja kabla ya adhuhuri.

Sikuiona. Nilisikia anga linapasuka, vikombe vikaanza kugongana rafuni.

Twaha alikuwa uani. Alipiga kelele, si kwa Kiswahili, si kwa Kihaya. "Giù! Giù!" Nilifahamu baadaye kwamba ni Kitaliano, alikuwa anatuambia tulale chini.

Nililala chini. Ardhi ilitikisika, ikatulia, ikatikisika tena.

Mabomu yaliangukia mbali, wala hayakuua mtu mtaani kwetu. Lakini saa ile hakuna aliyejua. Majirani waliokuwa wamejificha migombani walitoka mmoja mmoja wakiwa na udongo usoni. Vitambaa vilikuwa bado juu ya ua, vyeupe, vimenyooka. Jirani mmoja, mwenye kibanda cha kushona viatu, alivitazama, akatazama juu, akamtazama Twaha.

Nilivikusanya vikiwa bado vibichi.

Alasiri Hamugembe ilianza kuhama. Mama na mimi tulikuwa na ndugu Ngenge, ndani huko Muleba, tukaamua kwenda kwao kwa miguu. Twaha alifunga mlango, akaja kusimama nasi barabarani. Hakuwa na mtu mwingine.

"Huyu tunaongozana naye kwa nini?" Mama aliniuliza kwa Kihaya, akidhani hataelewa.

Twaha akamjibu kwa Kihaya kilekile, chepesi, kilichochakaa kwa kukaa bila kutumika. "Nitatembea nyuma yenu, mama." Akalichukua godoro la Mama, akajitwika.

Tulilala Kemondo, kwenye baraza la shule, pamoja na watu wengi. Kesho yake tulifuata barabara ya Muhutwe. Mama alitangulia. Mimi nilipunguza mwendo hadi nikawa sambamba na Twaha, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuogopa, nikamuuliza moja kwa moja.

"Bwana Twaha, kule ulirudi kwa nini?"

Alilisogeza godoro kichwani.

"Unavyonisikia nikieleza ile miji, utadhani niliitembea," alisema. "Niliiona kwa mlango wa jikoni, Koku. Yale ya treni na ya kahawa niliyasikia kwa wageni wakizungumza. Nikitoka nje, hata kwenda kununua sabuni, polisi wananiuliza: unatoka wapi? Kila siku. Miaka yote. Nikasema, nirudi mahali ambapo siulizwi."

Nilimwamini. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu waliniambia kwamba nilirogwa.

Kabla ya kufika Muleba tulikuta gogo limelazwa barabarani. Mgambo walikuwa wengi, wengine na marungu, wachache na bunduki. Walitupanga mstari.

Mwenye bunduki alimfikia Twaha.

"Unatoka wapi?"

"Bukoba."

"Kabla ya Bukoba?"

Angeweza kudanganya. Nilimwona akifikiri.

"Nimezaliwa Bukoba. Nilifanya kazi Italia."

Nyuma yetu sauti ilisema, "Ndiye huyo aliyeiwekea ndege nguo nyeupe. Na ilipokuja aliiita kwa lugha yao."

Niligeuka. Alikuwa yule mshona viatu.

"Vitambaa nilianika mimi," nikasema.

"Kwa amri ya nani?"

"Hakuna amri. Vilikuwa vichafu."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Mwenye bunduki alinihoji kwa Kihaya: ukoo wangu, baba yangu, tunakwenda kwa nani. Nilijibu yote. Mgambo mmoja akasema anamfahamu mjomba wangu wa Ngenge, kwamba wamewahi kuvuna naye kahawa.

"Wewe na mama yako piteni. Huyu abaki."

"Waitu," Mama alisema, kwa lile neno letu la heshima, na sikutegemea, "huyu mtu amenibebea godoro kutoka Bukoba."

"Piteni, mama."

Twaha alilitua godoro, akanitwika, akalisawazisha kichwani pangu. "Nendeni," alisema. "Mvua inakuja."

Tulikaa Ngenge hadi jeshi letu liliporudisha mapambano mpaka ng'ambo ya mto. Muda huo wote, kila nilipopata nafasi nilishuka Muleba, kwenye kituo walikomzuia Twaha, na ndizi nilizozifunga katika majani, nikauliza. Siku moja waliniambia yupo, wakapokea chakula. Siku nyingine waliniambia hawamjui mtu huyo, lakini chakula walipokea vilevile. Mara moja tu nilimwona, akipitishwa uani kati ya watu wawili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa tambara. Hakunitazama, na nilielewa kwamba alifanya hivyo kwa ajili yangu.

Walimwachia Jumapili moja. Nilimuuliza mkubwa wao kama wameridhika.

"Hatukuona kosa," alisema. Hakusema kwamba halikuwapo.

Tuliporudi Hamugembe mlango wa mgahawa ulikuwa umeng'olewa, na ndani hamkubaki kitu. Baadaye, nikialikwa huku na kule, niliwahi kunywea kahawa katika vikombe vidogo ambavyo Bukoba nzima alikuwa navyo mtu mmoja tu. Nilikunywa, nikashukuru, nikaenda zangu. Vita vilitufundisha kukaa na majirani kwa namna hiyo.

Vidole vya mkono wa kulia wa Twaha havikunyooka tena. Alifungua mgahawa tena, akajifunza kukata kitunguu kwa mkono wa kushoto, taratibu, na mimi nilijifunza kutomsaidia. Wateja walikuja wachache, wakala haraka. Kijana mmoja mwalimu, mgeni mjini, alimuuliza kwa hamu kuhusu Monte Carlo, kwa kuwa alikuwa amesikia sifa za masimulizi yale. Twaha aliendelea kupangusa meza.

"Umeambiwa vibaya, mwalimu. Mimi sijafika huko."

Deo hakurudi. Alifia Uganda, na jina lake lilisomwa mkutanoni watu wote wakiwa wamesimama. Mama alilia, na mji mzima ulilia naye. Hata leo nikimtaja kaka yangu, mtu huvua kofia. Uchungu ule niliubeba pamoja na wengine. Huu wa Twaha sikupata wa kunisaidia kuubeba, na kwa hiyo, ingawa Deo ni damu yangu, siwezi kusema upi ulikuwa mzito zaidi.

Twaha alikufa kwa ugonjwa wa kifua, miaka michache baada ya vita. Waislamu wa mjini walimzika vizuri. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Mzee Felisiani, aliyekuwa amevaa koti lake la kanisani, aliniita pembeni ya nyumba.

"Koku, mwanangu. Vita vimekwisha, na mwenyewe tumeshamzika. Sasa unaweza kuniambia. Alikuwa anawafanyia kazi akina nani?"

"Alikuwa mpishi, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaniwekea mkono begani.

"Umefanya vema," alisema kwa sauti ya chini. "Uliahidi kutunza siri yake, na umeitunza."

Akaondoka akiwa ameridhika.