Boti Nyeupe Aliyoichagua Mtani Wangu

Mtu akisikia kwamba enzi za Mwingereza nilikuwa nahodha wa motaboti, haachi kuniuliza boti gani ni nzuri. Juzi kaja mmoja mwenye nyumba ya wageni huko ufukweni, kanifunulia kijitabu cha picha, kidole chake kimeganda juu ya boti nyeupe yenye pua nyembamba. "Hii, mzee, inakwenda mbio sana." Nikamwambia aondoke na kijitabu chake kabla sijakitia jikoni. Mke wangu akanisema kwa kumvunjia mgeni heshima, na alikuwa na haki. Lakini nikiiona boti ya namna ile damu hunichemka, na leo nitaeleza kwa nini, maana nimechoka kuulizwa.

Nilikuwa nakaa Temeke, chumba kimoja katika nyumba ya udongo, na kila alfajiri nilikwenda kwa miguu hadi Mtoni, kwenye gati dogo la mkandarasi mmoja wa Kizungu. Kazi yetu ilikuwa kuleta mawe ya kujengea kutoka pwani ya Kunduchi. Mawe yalipakiwa kwenye tishari, chombo kipana kama sanduku, hakina injini wala tanga, na motaboti ililivuta kwa kamba mpaka bandarini. Mimi nilikuwa kwenye motaboti. Nyuma, juu ya tishari, aliyeshika kasia la kuongozea alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Kwa hiyo kila kamba ile ilipokaza, mwisho mmoja nilikuwapo mimi, na mwisho wa pili alikuwapo baba wa wapwa zangu wanne.

Motaboti yetu ya kwanza ilichoka, injini ikafa isitengenezeke, na bwana akaanza kutafuta nyingine. Dada alinijia nyumbani siku hiyo hiyo, hata hakukaa.

"Kaka, anayeijua bahari ni wewe. Usiwaache watuletee takataka. Mume wangu kule nyuma hana breki."

"Niachie mie," nikamwambia.

Mwenye kusikilizwa na bwana hakuwa mimi. Alikuwa fundi wa injini, Mnyamwezi aliyejifunzia kazi kwenye reli huko kwao bara. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, basi ni watani. Kwa asiyejua, utani wa makabila yetu si mzaha wa barazani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukuambia umefanana na nyani mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Na siku ya msiba mtani ndiye anayekuja kuvunja majonzi. Huzuia jeneza njiani, humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, hujilaza kaburini na kusema hatoki mpaka apewe chake, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Tulitaniana na fundi yule kila siku kwa miaka mitatu. Sikumpenda hata siku moja. Alikuwa na majivuno. Injini ikiwaka alifumba macho kama anayesikiliza kaswida, na akizungumza na bwana alitusahau wengine wote. Lakini chuki yangu niliivisha nguo ya utani, ikapita kila mlango bila kuulizwa inakwenda wapi.

Zikaletwa boti mbili pale Mtoni. Moja nyeupe, mpya, nyembamba mbele na bapa nyuma, ina injini kubwa ya petroli. Nyingine ya kijivu, imekwisha tumika, nene tumboni, ina mkuku mrefu, ule uti wa mbao chini ya chombo, na injini ya dizeli isiyo na haraka na mtu. Kipofu angeweza kuchagua. Boti bapa hukimbia kwa kuteleza juu ya maji, na maji yakilala hupendeza kweli. Yakiinuka, hupigwa tumboni mpaka mbao zinalia, na wimbi la nyuma huingia ndani likitaka. Yenye mkuku hulikata wimbi, ikalala kidogo, ikainuka. Rafadha ya ile nyeupe, yaani lile feni la chini linalosukuma maji, ilitengenezwa kwa mbio. Ukiifungia mzigo huzunguka bure, ikatoa povu. Na ubaya uliozidi wote ulikuwa kigingi cha kufungia kamba. Kwenye nyeupe kilikuwa nyuma kabisa, ukingoni. Chombo kinachovuta kwa kamba iliyofungwa pale kimeshikwa mkia: unazungusha usukani, nacho hakigeuki. Kwenye ya kijivu kigingi kilikuwa karibu na katikati, na nyuma yake iko huru.

Siku ya kujaribu walichagua asubuhi, maji ya bandarini yamelala kama uji uliopoa, na bila tishari. Fundi akaipeleka nyeupe mbio mpaka kofia ikamtoka bwana kichwani, naye bwana akacheka kama mtoto. Ya kijivu ikaenda mwendo wake, ikarudi. Karani wa bwana alipiga miayo.

Nilitaka kusema hivi: tungoje mchana, upepo wa kusi ukishakolea, tutoke nje ya mlango wa bandari, tufunge tishari lenye mawe nyuma ya kila boti, ndipo tuchague. Ni maneno machache tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Lakini fundi alikuwa amesimama pale anajifuta mikono kwa kitambaa, anatabasamu, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

"Wee Mnyamwezi," nikasema, "babu yako alikuja pwani na pembe la ndovu kichwani, alipoiona bahari akauliza nani kamwaga maji yote haya. Leo wewe ndo wa kutuchagulia boti? Hii jeneza hii. Itatuzika, na wa kwanza ni shemeji yangu."

Gati zima lilishika mbavu. Fundi hakukawia.

"Nyie Wazaramo mnataka boti ya kobe mpate kulala njiani! Haya, kawaambie wazee wako wachimbe kaburi, mie nitakuja nilale humo. Sitoki mpaka mnipe kuku wawili!"

Bwana akamuuliza karani tunasema nini. Karani akajibu, "Wanataniana tu, bwana. Ndiyo desturi yao." Bwana akacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kwa kuwa jibu la fundi lilikuwa zuri na ndivyo inavyompasa mtu mbele ya mtani wake. Nyeupe ikanunuliwa kabla ya adhuhuri.

Jioni dada aliniuliza kumekuwaje. Nikamwambia, "Nimewaambia, hawasikii." Akashusha pumzi, akasema basi, wewe umefanya lako.

Wiki za mwanzo bahari ilitustahi. Kisha kusi ikaja. Siku ile tulikuwa tunatoka Kunduchi na mzigo kamili, fundi yuko nami kwenye boti kwa kuwa injini ilikuwa inakohoa, na tulipoipita rasi ya Msasani mawimbi yakaanza kutujia ubavuni. Nikazungusha usukani tuyakabili. Pua ikasogea kidogo, mzigo ukatushika mkia, tukarudi vilevile. Fundi akaongeza moto. Injini ikapiga kelele za kutosha kuamsha Kinondoni yote, nasi hatukusogea hatua. Kamba ikalegea, ikakaza, ikalegea, ikakaza, na kila ikikaza boti yetu ile nyepesi ilirushwa nyuma. Mwisho ikakatika, kipande kikapita juu ya vichwa vyetu.

Sasa mkia ulikuwa huru, nikageuza kulifuata tishari. Shemeji alikuwa amesimama juu ya mawe, ameinua mkono. Nilidhani anaita. Kumbe alikuwa ananionyesha mwamba ulipo, nisije nikaupanda. Nikiwa bado namtazama, wimbi likaingia kwa nyuma, likaikuta injini ya petroli, ikazima. Tukabaki pale, mimi na mtani wangu, yeye anachota maji kwa kopo na mimi kwa kofia, tunaangalia tishari likipelekwa mwambani. Vibarua wawili waliokuwa naye juu ya tishari waliruka na kuogelea. Shemeji mawe yalimporomokea.

Msibani wazee walinishika mkono mmoja mmoja, wakisema chombo cha kuzama hakina usukani. Nilitamani kuwakaba. Usukani ulikuwapo, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa juu yake.

Fundi alikuja. Alikaa mwisho wa mkeka, kofia mapajani, kama mfiwa yeyote. Watu wakamngoja, maana mtani mwingine hakuwapo siku ile. Jeneza likatoka, hakulizuia. Tukafika makaburini, kaburi likawa wazi, naye kasimama nyuma ya watu anatazama miguu yake. Hapo nikawakumbuka wale kuku wawili. Nikapasua katikati ya watu mpaka nikamfikia.

"Mtani, mbona umesimama? Si ulisema utakuja kulala? Haya, ingia! Ingia ulale, kuku wako nitakupa mie!"

"Leo siwezi, mtani."

"Usiniite mtani! Utani umekwisha. Wewe muuaji, umemuua mume wa dada yangu kwa mbio zako!"

Watu walinishika, lakini hakuna aliyesema nimekosa. Fundi alivaa kofia yake, akaenda zake, na mwezi ulipokwisha akaacha kazi akarudi bara. Sikwenda kumuaga. Bwana aliiuza nyeupe, akainunua ile ya kijivu, nami nikaiendesha miaka sita katika kusi na kaskazi, na kamba haikukatika hata mara moja. Kila niliposhuka nilipita barazani nikaisimulia habari ya Mnyamwezi asiyeijua bahari aliyetuchagulia jeneza. Niliisimulia vizuri. Kila nilipoisimulia, Temeke mpaka Kinondoni, nilipewa haki.

Lakini katika miezi ile ya mwanzo, dada alikuwa bado yuko ndani, anakaa eda. Alhamisi moja nilimpelekea mchele na sukari. Akanimiminia chai, akakaa mbele yangu, nami nikaianza tena ile habari, jinsi nilivyomwonya fundi na jinsi asivyosikia. Akainua mkono, nikanyamaza.

"Kaka, mie sijakuuliza hata siku moja. Ulimwambia kweli?"

"Nilimwambia. Palepale gatini, mbele ya bwana, mbele ya karani. Nilisema boti hii itatuzika, nikamtaja na mumeo."

"Wao wakafanyaje?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa, alinibeba mgongoni, na anajua ninavyosema jambo ninapotaka lisikike na ninavyolisema ninapotaka watu wacheke. Ningeweza kumdanganya fundi, karani, hata kadhi. Nikamwambia kwamba na mimi nilicheka.

Aliinuka, akachukua kikombe changu kikiwa bado na chai nusu, akaimwaga uani, akaanza kukiosha.