Mguu wa Kushoto wa Shemasi

Nilimwahidi shemasi wa kanisa letu, nikiwa nimepiga magoti na mguu wake wa kushoto ukiwa mikononi mwangu, kwamba sitamwambia mke wake nilichokiona kwenye unyayo. Ilikuwa mwaka 2012, katika ukumbi wa shule tuliokuwa tukiukodi Umbilo, mtaa wa Durban, Afrika Kusini. Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, sisi huoshana miguu, wanaume chumba kimoja na wanawake kingine, ili tukumbuke unyenyekevu. Wasiolijua jambo hili hudhani kwamba miguu huja michafu. La hasha. Hakuna miguu safi Durban nzima kama ya Wakongo na Warundi wanaokwenda kuoshwa. Watu husugua nyumbani tangu alfajiri, hupaka mafuta, huvaa soksi mpya, na kufikia zamu yao huwa ni safi kuliko maji ya beseni.

Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi, na nilikuwa katika umri ule ambao mtu akijifunza jambo leo huona ni dhambi dunia kutolijua kesho. Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumefundishwa aina za melanoma, saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi. Kitabu kilitaja nne kubwa: inayotambaa juu ya ngozi kama chai iliyomwagikia kitambaa, inayoinuka kama kinundu na kukua kwa haraka, inayowajia wazee usoni, mahali palipopigwa na jua miaka mingi, na ya nne, isiyohitaji jua, ambayo hujificha kwenye viganja, nyayo na chini ya kucha. Picha karibu zote zilikuwa za migongo ya Wazungu. Chini ya aina ya nne kulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba wenye ngozi nyeusi wakipata melanoma, mara nyingi huwa ni hiyo. Sentensi moja! Niliisoma mara tatu, nikafunga kitabu, nikaamua kwamba Mungu ameniita.

Wito wangu ulianza vibaya. Nilimvuta kando mwimbaji mmoja wa kwaya aliyekuwa na mstari mweusi kwenye ukucha wa gumba, nikamwandaa kwa maneno mazito kuhusu ujasiri. Kumbe ilikuwa rangi ya nywele, akaikwangua mbele yangu. Kijana mmoja mcheza mpira alikuwa na kidole cheusi kwa sababu alikuwa amekanyagwa Jumamosi. Mama mmoja wa Bujumbura aliniruhusu nitazame madoa ya viganjani mwake, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Madoa haya nilizaliwa nayo, mwanangu. Wewe ulizaliwa na nini? Na wasiwasi?"

Baada ya hapo nikaitwa Docteur Semelle, yaani Daktari wa Soli za Viatu. Waliponiona nikija Umbilo Road, watu waliingiza mikono mifukoni. Nilikuwa nimejifunza kwa aibu jambo ambalo kitabu hakikulisema vizuri: wengi wetu tuna madoa na mistari ya asili isiyo na hatia yoyote, na la kutia shaka ni lile lililo jipya au linalobadilika. Lakini nilijifunza hilo wakati hakuna aliyekuwa tayari kuniamini tena.

Ndipo zamu ya kumwosha shemasi ikaniangukia mimi, kwa kuwa mwenzake wa siku zote alikuwa safarini. Alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilitazamana na saluni ya mke wake ng'ambo ya barabara. Nilipouinua mguu niliona, kwenye kisigino, doa kubwa kuliko sarafu, kingo zake zikienda huku na huku kama mpaka wa nchi, kahawia upande mmoja, jeusi katikati, na lenye ubuluu kwenye pembe. Ngozi iliyolizunguka ilikuwa imesuguliwa hadi ikachubuka.

"Uko unaangalia nini?" alininong'oneza. "Yesu alisema tuoshe. Hakusema tusome."

"Papa, doa hili liko hapa tangu lini?"

"Ni rangi ya viatu."

Nikalisugua kwa kidole. "Rangi ya viatu haikai ndani ya ngozi, Papa."

"Hii ni rangi ya Italia."

Nyuma yetu ndugu mmoja aliyekuwa akisubiri na taulo begani akapaza sauti: "Docteur Semelle, maji yanapoa! Hata sisi tuna dhambi huku!"

Shemasi aliinama hadi masharubu yake yakanigusa sikio. Doa lilianza miaka miwili nyuma, dogo kama dengu. Alilisugua kwa jiwe kabla ya kila ibada, asije akadhaniwa mchafu, na kila mara lilikuwa pana zaidi.

"Kama ni mbaya, watakata mguu," alisema. "Na binti yangu anaolewa Pinetown, iko miezi mitatu tu. Nitamsindikiza na mguu wa nani? Mama asijue. Mama akijua, saluni inajua, na mbele ya saa sita watu wa Cato Manor wanachanga pesa ya sanduku langu la kuzikiwa. Ahidi."

Niliahidi. Nilikuwa nimeshika mguu wake, na maji yalikuwa yanapoa.

Tangu siku hiyo nilikwenda kibandani kila nilipotoka darasani, nikimsihi aende kliniki. Nilidhani mantiki itamshinda.

"Papa, mteja akileta kiatu, unatazama wapi kwanza?"

"Chini."

"Kwa nini?"

"Juu watu wanapaka rangi. Chini ndiko kiatu kinasema ukweli." Kisha akajisikia alichosema, na burashi ikapita karibu na kichwa changu. "Toka! Enda kasome miguu ya Wazungu!"

Siku ya nne Mama, mke wake, aliniita saluni. Alikuwa anasuka, mteja akiwa amesukwa nusu kichwa.

"Docteur Semelle, kuja hapa. Mume wangu unamsumbulia nini kila siku?"

"Mama, siwezi kusema. Nimeahidi."

"Umeahidi nini?"

"Hata hilo siwezi, Mama."

Mteja mwingine aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akaizima ili asikie vizuri.

"Ni kisigino," Mama alisema. "Mawe ya kusugulia miguu nanunua mimi. Mawe manne mwaka huu! Unafikiri anayakula? Yeye anaficha kisigino, mimi nafichia yeye kwamba najua. Nilifikiri ni aibu tu. Ni ugonjwa?"

Nilitazama dari. Nikaieleza aina ya nne ya melanoma, neno kwa neno kama mbele ya mtahini, bila kumtaja mtu yeyote: mahali inapojificha, rangi zake, kingo zake, na kwamba daktari peke yake, kwa kukata kipande kidogo na kukipima, ndiye awezaye kuijua kwa hakika. Nikaongeza kwamba mimi nimeshakosea mara tatu.

Mama aliweka kitana chini na kuvuka barabara bila kungoja robot, yaani taa za barabarani. Nilimkimbilia.

"Vaa viatu. Tunaenda kliniki."

Shemasi akanitazama. "Umesema!"

"Sikusema!"

"Hakusema," Mama alisema. "Anaongea kama redio. Simama."

Sista, muuguzi wa kliniki, aliutazama mguu, hakucheka, akaandika barua ya kwenda hospitali. Kipande kilikatwa, tukangoja majibu kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo hakuna aliyeniita Docteur Semelle. Majibu yalikuja: ilikuwa ile aina ya nne, bado nyembamba, haijazama ndani. Waliliondoa doa pamoja na ngozi ya pembeni, wakaziba kwa ngozi ya pajani. Mguu ulibaki.

Pinetown alimsindikiza binti yake akiwa na kiatu kinachong'aa mguu mmoja, na mwingine sandali pana aliyoishona mwenyewe, ndani ina manyoya ya kondoo. Wageni wawili waliagiza kama hiyo. Katikati ya sherehe akanivuta karibu.

"Sasa unaweza kusema kwa watu. Lakini sema ni wa kushoto. Wa kulia haina kosa."

Nimesema. Nami nakuomba jambo moja: leo ukivua viatu, tazama nyayo zako, viganja vyako na kucha zako, na usipoweza kuona mwenyewe, mwombe mtu akutazamie. Ukikuta doa jipya au linalobadilika, tafadhali usilisugue. Lipeleke kliniki.