Upepo wa Nzilo na Mwiko wa Mama Mkwe

Mimi na mama mkwe wangu tulikaa miaka saba bila kusemeshana moja kwa moja, na hatukuwa na ugomvi wowote. Ilikuwa heshima tu. Kwetu mwanamume hamgusi mama wa mke wake, hamtazami usoni, hali naye sahani moja, na akimwona anakuja njiani humpisha mpaka akaingia kwenye majani. Mama akitaka kuniambia jambo, hata kama nimekaa hatua mbili tu kutoka kwake, aligeukia ukuta akamwambia binti yake: "Umwambie bwana yako, kiatu yake inapasuka." Na mimi: "Umwambie mama, nimeona, nitashona." Mke wangu katikati yetu alicheka mpaka machozi.

Najua vijana wengi wa mji wetu wa Kolwezi siku hizi wameyaacha hayo. Wanapigana busu na mama wakwe zao kama watu wa televisheni. Mama yetu ni mtu wa Lubudi, ni mtu wa zamani, na mimi nilimheshimu kabisa. Lakini niseme ukweli, iliniuma. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne, nikalelewa na mjomba, na siku niliyooa nilikuwa moyoni naoa na mama pia. Kumbe nimepata mama ambaye hata mkono simshiki! Sikumwambia mtu, maana mwanamume mwenye ndevu atasemaje kwamba anataka mama?

Sasa hii habari ya upepo. Mimi ni fundi makanika, natengeneza malori yanayoshinda kwenye vumbi la barabara ya mgodi wa Mashamba. Mzungu mmoja, mteja wetu, mkataba wake ulipoisha aliniachia ubao wake wenye tanga, ule unaosimama juu yake, unashika tanga kwa mikono miwili, na upepo unakupeleka. Sisi tuliita planshi tu. Nilijifunza peke yangu kwenye ziwa Nzilo, majira mawili ya kiangazi, nikianguka. Nilikunywa maji ya ziwa lile mpaka mke wangu akaniuliza kama nitawaachia samaki kidogo.

Pale mlingoti unapokutana na ubao pana kipande cha mpira ambacho kinauwezesha mlingoti kulala na kugeuka kila upande. Changu kilichoka. Mtu mwenye akili angeagiza kipya kutoka Afrika Kusini. Mimi, fundi mzima, nikakata kipande cha mkanda wa mgodi, ule unaobeba mawe usiku na mchana, nikautoboa, nikaufunga kwa bolti. Kama unabeba mawe, nikasema, utashindwa kunibeba mimi? Huku kwetu hakuna kitu kisichotengenezwa kwa mabaki ya mgodi, hata viti vya kanisa.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti, mama alikuwa amekuja kututembelea, nikawachukua yeye na mke wangu kwa gari mpaka Nzilo, na bukari, ugali wetu, na samaki kwenye sufuria. Mke wangu alikuwa ameniambia kwamba mama alizaliwa kando ya mto Lualaba, binti wa mvuvi, na alipiga kafi kabla hajaolewa. Basi nikajiambia leo ataona kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa mafuta machafu tu. Ujinga mtupu! Mtu mwenyewe alikuwa haruhusiwi kunitazama. Nilipovaa kaptula yeye alihama, akaenda kukaa nyuma ya gari akiangalia miti.

Upepo siku ile ulikuwa mwingine. Wavuvi walikuwa wamevuta mitumbwi juu ya mchanga wakaenda zao kijijini. Wazungu wawili waliokuwa wakiruka juu ya maji wakivutwa na vishada vikubwa, miguu imefungwa kwenye kibao, walitoka wakikunja vitu vyao haraka. Mmoja akanionyesha kwa mkono: upepo unatoka nchi kavu unakwenda ndani, usiingie. Nikamjibu "oui, oui", nikangoja gari lao liondoke. Jile, lile koti la kuelea, niliiacha kwenye mchanga. Ilificha kifua changu, na nilikuwa najiona sana wakati ule.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu, nikatae nini? Tanga limejaa, ubao unapiga maji pa pa pa, mikono inawaka, na mimi napiga kelele za furaha peke yangu. Nikageuka kutazama nchi kavu. Gari limekuwa dogo kama kiberiti. Nikasema basi, turudi, nikavuta tanga, na mkanda wa mgodi ukakatika.

Niliangukia upande wa tanga. Ubao, umeshaachana na mzigo, ulikimbia na upepo, na mimi nikabaki nimekumbatia mlingoti unaozama nusu. Kuogelea najua kidogo, kule kwa bwawa la shule. Mawimbi yalinipiga usoni, baridi ikaingia kwenye vidole, kisha kwenye mabega. Nilimwita Mungu, nikamwita mke wangu. Nilimwita na mama yangu, ambaye sura yake siikumbuki.

Yaliyotokea nchi kavu nilisimuliwa baadaye. Mke wangu alikuwa akikimbia ukingoni akipiga mayowe. Mama akatoka nyuma ya gari, akatazama maji mara moja, akavua viatu, akafunga kikwembe chake kiunoni, akasukuma mtumbwi wa watu majini peke yake. Binti yake alitaka kupanda naye, akamkatalia.

Nilimwona anakuja, na sikuamini macho yangu. Alikuwa anakuja kinyumenyume! Amekaa amenipa mgongo, kitambaa kichwani hakijasogea, anapiga kafi huku, anapiga kule, na mkia wa mtumbwi ndio unaonifuata. Hata pale, na mawimbi yale, mama hakutaka kumwona mkwe wake katika kaptula. Alipokaribia akausemesha mtumbwi.

"Weye mutumbwi, umwambie ule bwana ashike mukia yako."

Na mimi, meno yanagongana, nikajibu kwa adabu: "Mutumbwi, umwambie mama mikono yangu inakufa baridi."

"Umwambie ajikaze."

Nilijikaza. Nikaushika ule mkia, ukanitoka. Nikaushika tena, ukanitoka, na safari hii mlingoti nao ulikuwa umekwenda. Mama akanyoosha mkono wake nyuma bila kugeuka. Ulikuwa hapo, shubiri moja kutoka usoni kwangu, mkono wa mwanamke mzee, umepasuka vidole kwa jembe. Na mimi sikuushika. Wallahi, nilikuwa nakufa na bado niliona aibu.

"Mama," nikasema, "ni mwiko."

Akageuka. Akanitazama usoni, mara ya kwanza katika miaka saba.

"Mwiko gani? Unataka nizike mutoto juu ya mwiko? Lete mukono!"

Alinishika kwapani kwa mikono yote miwili na kunivuta kama gunia la mihogo, mtumbwi ukanywa maji, nikaanguka ndani, kichwa changu kwenye miguu yake. Akafungua kikwembe cha juu akanifunika. Nilikuwa natetemeka na kutapika maji. Akaweka kiganja chake kifuani pangu, akakiacha pale.

"Pumua, mwanangu. Pumua polepole. Mama eko hapa."

Kurudi kulichukua karibu saa nzima. Hakushindana na upepo, alikata kwa upande mpaka kwenye matete, kisha akafuata ukingo. Aliimba kidogo kwa Kiluba. Mimi nilikuwa nimelala chini nikitazama kidevu chake na kusikia furaha ya ajabu, nikitamani ziwa liwe refu zaidi.

Tulipofika alishuka, akanipa mgongo, akamwambia binti yake: "Umwambie bwana yako avae nguo." Basi. Hakula nasi hata kwa mbali siku ile, na Jumanne alipanda treni kurudi Lubudi bila neno. Wiki tatu hakuna habari. Nikaanza kuogopa kwamba nimemwaibisha mama wa watu, kwamba hata ile sauti ya kuusemesha ukuta nimeipoteza. Nilipungua mwili. Mjomba aliposikia alisema kosa la kugusana lina dawa yake: mpelekee kuku, akimpokea limeoshwa, kila mtu anarudi mahali pake. Nikanunua jike jeupe zuri, na mke wangu akaenda naye Lubudi.

Alirudi Jumamosi, na kuku kwapani, bado amefungwa miguu.

Nikauliza: "Amekataa?"

"Amekataa," mke wangu akasema. Hakuwa anacheka. "Anasema kuku ni ya mukwe mwenye kugusa mama mukwe. Ye siku ile hakugusa mukwe. Alitoa mutoto yake mu maji, na mama halipishi mutoto yake kuku. Anasema tumupike, ukule weye, juu amesikia unakonda."

Nikampokea yule kuku, nikakaa naye kwenye kiti cha plastiki uani, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, nikalia kwa sauti, na mke wangu akaingia ndani kubandika maji.